Nani Yuko Kwenye Terminali Kuu?

Tarehe 14 Agosti 1968, kule Downey, California, mashine moja ya IBM 2740, ambayo kwa macho ya leo ungesema ni taipureta iliyoungwa waya, ilichapa neno moja kwenye karatasi: READY. Basi. Neno hilo lilitoka kwa kompyuta kubwa ya kampuni ya North American Rockwell, iliyokuwa inaunda chombo cha Apollo, na ndilo linalohesabiwa kuwa pumzi ya kwanza ya mfumo wa hifadhidata ambao baadaye uliitwa IMS. Julai ya mwaka uliofuata, watu walikuwa wanatembea mwezini.

Hilo neno limenikaa kichwani, na si kwa sababu ya mwezi. Ni kwa sababu ya adabu yake. Mashine inayojaza chumba kizima imemaliza kuamka, iko na nguvu zake zote, halafu kitu cha kwanza inachofanya ni kumwambia mtu: niko tayari. Kisha inangoja.

Nilikutana na IMS kikazi. Mimi huandika kwa malipo ya neno, na mteja mmoja wa ng'ambo alitaka nichukue miongozo mizee ya mfumo huo, ile ya kurasa mia kadhaa, niigeuze kuwa maelezo mepesi ya kufundishia wafanyakazi wapya. Wazee wanaoujua mfumo wanastaafu, vijana wanaoingia hawajawahi kuuona. Mimi pia sikuwa nimeuona. Nilisoma kompyuta chuo kikuu mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda, na katika hizo semista tatu, meinfremu ilitajwa mara moja tu, kwenye slaidi ya historia, kati ya abakasi na kadi za matundu. Ilitajwa kama marehemu. Kumbe marehemu yuko kazini. IBM bado inauza IMS, na kuna mabenki na makampuni ya bima huko nje ambayo hayajawahi kuiacha.

Kwanza nieleze inavyofanya kazi, manake bila hiyo hayo mengine hayataeleweka. Mwaka 1966 IBM ilishirikiana na watu wa Rockwell (wakati huo kampuni ikiitwa North American Aviation) pamoja na Caterpillar, wale wa matrekta, kutatua shida moja ya kuchosha: orodha. Roketi ya Saturn V na chombo chake ilikuwa na mamilioni ya vipande, na kila kipande kiko ndani ya kipande kingine, ambacho kiko ndani ya kingine. Ukibadilisha skrubu moja, nani anajua inagusa nini? Wakapanga data kama ukoo. Juu kabisa kuna mzizi, chini yake wazazi, chini yao watoto, na watoto wa aina moja wa mzazi mmoja wanaitwa mapacha. Sikutunga, ndiyo istilahi yao. Ukitaka kumfikia mtoto unapitia kwa mzazi wake, kama vile ocha huwezi kwenda moja kwa moja kwa kijana wa watu bila kubisha kwanza kwa babake.

Mwaka 1969 mfumo ukaitwa IMS/360 na kuanza kuuzwa kwa wengine. Mabenki wakaupenda, kwa sababu akaunti ya mteja nayo ni ukoo: mteja, chini yake akaunti, chini yake miamala. Na kwa kuwa mfumo uliweza kuunganishwa na terminali nyingi, karani wa tawi la mbali angeuliza salio na kujibiwa papo hapo. Swali lake lilikuwa linaingia kwenye foleni, programu inalichukua, inasoma hifadhidata, jibu linarudi kwa foleni nyingine mpaka kwenye skrini yake.

Sasa, kati ya terminali hizo zote, moja ilikuwa tofauti. Miongozo inaiita terminali kuu. Kwa umbo haikuwa na maajabu, skrini na kibodi kama za wenzake. Lakini ndiyo iliyofungua mfumo asubuhi na kuufunga usiku. Ndiyo iliyoweza kuandika /START ili hifadhidata fulani ipatikane, na /STOP ili muamala fulani usipokelewe tena. Ukiwacha ulinzi wa mfumo ulivyo bila kuugusa, amri nyingi za aina hiyo zinakataliwa zikitoka kwa terminali nyingine yoyote. Karani aombe asiombe, haitiki.

Kitu kilichonifurahisha ni kwamba ukuu wenyewe haukuwa kwenye chuma. Ndani ya IMS kuna vifaa, halafu kuna majina ya vifaa, na ujumbe hutumwa kwa jina. Kifaa kikiharibika, opareta anaandika /ASSIGN na lile jina linahamia kwenye kifaa kingine, pamoja na ujumbe wote uliokuwa unalingojea. Terminali kuu nayo ni hivyo hivyo. Ni cheo. Kiti kikivunjika, cheo kinahamishiwa kiti kingine.

Kwenye skrini za aina ya 3270 zilizokuja baada ya zile taipureta, terminali kuu ilikuwa na mpangilio wake. Juu, mistari ya ujumbe kutoka kwa mfumo. Katikati, mahali pa kuonyesha majibu ya maswali ya opareta. Chini, sehemu ya kuandika amri. Na hapo katikati ya chini, mstari mwembamba wa onyo. Nafasi ya juu ikijaa, mfumo hauendelei kumwaga maneno yakapita bila kusomwa, kama zile grupu za familia ukiamka unapata ujumbe 214. Unasimama. Unaandika kwenye ule mstari MASTER LINES WAITING, na hiyo mistari mingine inangoja mpaka opareta abonyeze kitufe kusema haya, nimeona, leta ingine.

Nimeona. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, ukiitoa mapambo. Programu ikianguka katikati ya muamala, ujumbe ulikwenda kwa karani aliyeutuma, na nakala ikaenda terminali kuu. Kwa kawaida mfumo ulisimamisha programu hiyo na muamala wake, ukakaa hivyo hadi opareta aamue kuuanzisha tena. Kila ujumbe ulikuwa na namba, na mwisho wa namba herufi. I ilimaanisha hii ni habari tu. A ilimaanisha kuna mtu anahitajika kufanya kitu. Yaani mashine yenyewe ilijua kutofautisha "nakwambia tu" na "nakuhitaji".

Chukua stima ikipotea. Mfumo umekufa katikati ya kazi, pesa zimetoka akaunti moja na hazijaingia nyingine. IMS huandika kila badiliko kwenye logi, kwa hivyo ushahidi upo. Mashine inawashwa, inasema READY, inangoja. Opareta akiandika /ERESTART, mfumo unarudi kwenye logi, unatafuta kazi zilizoishia njiani, unazifuta moja moja hadi data ikae ilivyokuwa kabla hazijaanza. Lakini pia kuna njia ya kuanza kwa baridi. Hiyo haiangalii nyuma. Inafungua duka kama kwamba jana haikuwepo, na zile pesa za katikati zinabaki hewani. Amri zote mbili ni mstari mmoja tu wa maandishi. Zote mbili zinaishia na mfumo uliowaka, simu zimenyamaza, bosi ametulia. Tofauti inaonekana baadaye, kwa mtu ambaye hayuko kwenye hicho chumba.

Hata kufunga kulikuwa na namna zake. Kwa /CHECKPOINT FREEZE, unafunga haraka: muamala ulioanza unamalizwa, ulio kwenye foleni unahifadhiwa hadi kesho. Kwa /CHECKPOINT PURGE, hufungi kabla foleni haijaisha, kila aliyeuliza amejibiwa. Mtu yeyote aliyewahi kupanga laini ofisini hadi saa kumi na moja halafu dirisha likafungwa puani anajua ni ipi kati ya hizo mbili ofisi zetu hupenda, ila sisi hatuhifadhiwi nafasi. Na kabla ya kufunga, opareta mwenye heshima alituma /BROADCAST, ujumbe unaofika kwenye terminali za wote: tunafunga, malizeni.

Nilimuuliza shangazi yangu kuhusu haya. Kuanzia mwisho wa miaka ya themanini alifanya zamu za usiku kwenye chumba cha kompyuta cha benki moja hapa Nairobi. Mashine yao haikuwa na IMS, lakini ilikuwa na konsoli, na mtu wa kukaa mbele yake. Nilifikiri atanipa hadithi za teknolojia. Akanipa hadithi za baridi. "Sweta mbili, baba, na soksi za mpira. Kile chumba kilikuwa friji."

Halafu akaniambia kuhusu karatasi. Kando ya konsoli kulikuwa na printa inayochapa kila kitu: kila amri aliyoandika, kila jibu la mashine, pamoja na saa. Karatasi ndefu zenye matundu pembeni, zinajikunja sakafuni usiku kucha kama utepe. Asubuhi msimamizi wake alikuja na kalamu nyekundu, anazisoma akinywa chai. Saa tisa na dakika kumi na mbili mashine imesema hivi, wewe umejibu saa tisa na dakika arobaini. Ulikuwa wapi?

"Ulikuwa wapi kweli?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimelala, kwani? Lakini nilisema. Ile karatasi haikuwa inakuacha ujifanye hukuona."

IMS nayo ina kitu hicho. Pembeni ya terminali kuu kuna terminali kuu ya pili, na kwa kawaida ilikuwa printa. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya kilichoamriwa na kilichojibiwa. Kwa hivyo yule mwenye nguvu kuliko wote ndiye pia aliyefuatwa na karatasi kuliko wote. Nikiwa nasoma hiyo sehemu nilidhani ni jambo dogo la kiufundi. Wiki hiyo hiyo ikanifunza vingine.

Kuna jukwaa la mtandaoni ambalo wateja wangu wengi hunilipia. Sitalitaja. Asubuhi moja nikaingia nikakuta maandishi ya kijivu: akaunti yako inakaguliwa. Ndani kulikuwa na shilingi 41,000 na kidogo, malipo ya kazi mbili nilizokuwa nimeshapeleka na wateja wakazikubali. Hakukuwa na namba ya ujumbe. Hakukuwa na herufi ya kunijulisha kama ni habari tu au kuna kitu natakiwa kufanya. Nikaandika kwa usaidizi. Nikajibiwa baada ya sekunde nne, na mtu hawezi kusoma malalamiko yangu kwa sekunde nne. Jibu lilisema wanaelewa kwamba hali hii inakera. Nikaandika tena, nikajibiwa tena, wanaelewa tena.

Tarehe tano keateka akabisha. Tarehe nane akabisha kwa ngumi. Nikamwonyesha simu, ile skrini ya kijivu, na yeye, bahati yangu, ni mtu wa kusoma vitu. Akaisoma polepole halafu akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiria. "Sasa hapa ni nani ndiye anakagua?"

Nikakosa jibu. Sikuwa na jina, cheo wala mji. Sikujua hata kama kuna mtu.

Nikarudi kwenye meza, manake kazi ya mteja ilikuwa bado inangoja, na nikafika kwenye amri ambayo hakuna anayeiandikia makala. Inaitwa /RDISPLAY. Kazi yake ni moja: inakwambia ni terminali ipi ambayo sasa hivi ndiyo kuu. Unaandika /RDISPLAY MASTER, unajibiwa. Na nikikumbuka jinsi amri nzito zinavyofungiwa kwa terminali kuu, hii haimo katika hizo. Imewekewa hasa watu walio mbali na kiti. Karani wa kaunta huko kwenye tawi, mtu asiye na ruhusa ya kusimamisha wala kuanzisha chochote, angeweza kuiuliza mashine: hapa mkubwa ni nani? Na mashine ingemjibu.

Niliisoma hiyo kurasa mara tatu. Nikatoka nje kuvuta hewa, nikarudi nikaisoma tena.

Sitaki kuifanya ile enzi kuwa paradiso. Karani kujua jina la terminali kuu hakumfanyi opareta apokee simu. Kiti kimoja chenye uwezo wote pia ni kiti kimoja cha kuhongwa au cha kusinziliwa, muulizeni shangazi. Na mteja wa benki, yule aliyepanga laini nje, hakuwa na terminali ya kuulizia chochote. Yeye alikuwa anamtegemea karani, na karani wa miaka hiyo, kwa habari nilizosikia, hakuwa malaika. Tena Rockwell hawakubuni mambo haya kwa sababu ya kupenda haki. Walibuni kwa sababu kompyuta moja ya bei ya kuogofya ilikuwa inatumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na ikianguka bila mtu kuwajibika, roketi inachelewa.

IMS yenyewe haikubaki hapo. Iliongezewa uwezo wa programu kutoa amri kwa niaba ya opareta, ili ule ujumbe ulioishia na A ujibiwe kabla binadamu hajainua kichwa. Baadaye ikaja njia ya kusimamia mifumo kadhaa ya IMS kutoka sehemu moja, na amri mpya ambazo hazipitii terminali kuu hata kidogo. Nilipoandika hiyo sura nilielewa sababu. Mifumo ilikuwa mingi, ujumbe ukawa mwingi kuliko macho, na hakuna mtu anayetaka malipo ya kadi yasimame kwa sababu mtu wa zamu ameenda chooni. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Ila hata hapo, programu inayojibu badala ya opareta iliandikwa na mtu, ikapewa ruhusa na mtu, na amri zake zinaweza kufuatiliwa kwenye logi. Terminali kuu bado ipo katika usanidi, jina lake limeandikwa. Kiti kinaweza kuwa kitupu usiku kucha, lakini hakijatolewa chumbani. Hilo ndilo ninalolalamikia kuhusu lile jukwaa langu. Sina shida na mashine kukagua. Mashine ikague, ina macho mengi. Shida ni kwamba mtu aliyeamua kuiacha ikague amejificha nyuma yake, na mimi sina hata amri moja ya kuuliza yuko wapi. Tunaambiwa huu ni urahisi wa matumizi. Skrini safi, rangi ya kijivu, hakuna namba za kutisha. Mimi nipe namba za kutisha.

Na si jukwaa hilo pekee. Ukiangalia vizuri, siku ya kijana wa Nairobi imejaa mifumo ya namna hii: programu ya mkopo iliyokunyima bila kusema kwa nini, ile ya bodaboda iliyomzima rafiki yangu kazini Ijumaa jioni, wakati ambao pesa ndiyo inatoka. Alikwenda hadi ofisini kwao. Mlinzi akampa karatasi yenye anwani ya barua pepe.

Akaunti yangu ilifunguliwa siku ya 23. Ile rangi ya kijivu haikuwepo tena, pesa zilikuwa kamili, na hakuna neno lolote lililoandikwa. Nikalipa nyumba. Keateka akauliza kama walisema ilikuwa ni nini, nikamwambia hawakusema, akatikisa kichwa akaondoka na risiti yake.

Kazi ya mteja niliimaliza wiki iliyofuata, maneno elfu kumi na nne. Kwenye sura ya amri za kila siku nilikuwa nimeipa /RDISPLAY ukurasa mzima, na mfano, na maelezo ya kwa nini mtu aliye mbali na kiti anaihitaji. Mhariri wao alinirudishia hati kwa heshima sana, marekebisho machache tu. Ukurasa ule ulikuwa umepigwa mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, na pembeni, jina lake, saa, na maneno mawili matatu: hii watu hawaitumii, tuitoe.

Nikaitoa. Lakini angalau nilijua ni nani wa kuandikia, na nikamwandikia.